Soma Kilichowaka

Mwaka 1995, katika chuo cha uhazili mjini Bukoba, tulikuwa wasichana 18 na kompyuta 5. Waliokosa zamu ya kompyuta walikaa upande wa dirishani na taipureta za chuma, wakagonga huku wakitupia jicho upande wetu. Kipanya hatukuwa tumekiona. Programu ilikuwa WordPerfect 5.1, kioo cha buluu na maandishi meupe, na juu ya kibodi palilazwa ukanda wa karatasi ngumu wenye rangi, unaoeleza kazi ya kila kitufe cha F.

Ukitaka kufuta aya, unaweka kishale mwanzoni mwake, unabonyeza F12. Chini kushoto maneno mawili yanaanza kupepesa kukujulisha kwamba sasa unateua. Unasukuma kishale, na kila herufi unayoipita inageuka rangi. Sisi tulisema imewaka. Baadaye nilijifunza kwamba wafasiri wa programu husema kuteua na kuangazia, na katika ofisi za Dar es Salaam nimesikia kubloku na kuhailaiti. Mimi hadi leo nasema kuwasha, na watu wananielewa.

Sista aliyetufundisha alikuwa na amri moja ambayo hakuilegeza mwaka mzima: kabla ya kubonyeza Delete, soma kilichowaka, na usome kwa sauti. Kwa hiyo kila asubuhi chumba kilijaa sauti za wasichana wakisomea vioo barua za kuomba saruji na taarifa za mikutano. "Soma kilichowaka, binti," alikuwa akisema akipita nyuma ya viti, "mpaka neno la mwisho." Programu yenyewe ilikuwa upande wake. Ukishabonyeza Delete inakuuliza kama kweli unataka kufuta, na jibu lililowekwa tayari ni hapana. Aliyegonga Enter kwa pupa hakupoteza kitu.

Kilichonivutia zaidi ni namna mwanga ulivyoweza kuruka. Ukishabonyeza F12, ukagonga nukta, mwanga unakwenda moja kwa moja hadi nukta inayofuata, yaani mwisho wa sentensi. Ukigonga Enter, unafika mwisho wa aya. Kabla ya hapo niliona maandishi kama nguo iliyokunjwa, kitu kimoja kirefu. Kwa F12 na nukta nikaanza kuona mishono. Nikaona pia sentensi ambazo mwanga ulipoziwasha zilijaza nusu ya kioo, na nikajua kwa macho, kabla hata ya kuzisoma, kwamba aliyeziandika alipotea njiani.

Mwaka 1998 nikapata kazi ya ukarani katika chama kimoja cha ushirika wa kahawa. Katika chumba cha nyuma kulikuwa na kompyuta moja kubwa ya SCO Unix, na mezani kwetu vioo vya kijani vya mistari 24. Orodha za wakulima tulizihariri kwa vi.

Kwa asiyeijua, vi ina hali mbili. Katika hali ya kuandika, herufi ni herufi. Ukibonyeza Esc, kibodi nzima inageuka kuwa amri: j inashusha kishale, k inakipandisha, x inafuta herufi moja, dd inafuta mstari mzima. Ukitanguliza namba, amri inatendeka mara hizo. 4dd ni mistari minne. Hakuna kinachowaka na hakuna swali. Unatamka tendo, na tendo limekwisha kutendeka.

Siku hiyo nilikuwa na orodha ya malipo ya pili, wakulima zaidi ya 600 waliopangwa kwa namba za uanachama. Mistari minne ilikuwa imejirudia. Nikaweka kishale kwenye wa kwanza, nikabonyeza 4, kidole kikagusa 0, nikamalizia dd. Ikawa 40dd. Kwenye kioo cha mistari 24, mistari 40 ikiondoka, ya chini inapanda kujaza nafasi. Kioo kilikuwa kimejaa majina, na baada ya hapo kikawa kimejaa majina. Kwenye mstari wa chini kabisa vi iliandika kwamba mistari 40 imefutwa. Ilisema kweli, mimi sikutazama. Nikafuta koma iliyozidi mahali fulani, nikahifadhi faili, nikatoka.

Siku ya malipo mzee mmoja alipenya hadi kwenye meza yangu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akatoa kwenye mfuko wa nailoni stakabadhi tatu zilizokunjwa mara nne nne, akazinyoosha moja moja juu ya meza kwa kiganja.

"Waitu, mwanangu," akasema, "kule dirishani wanasema jina langu halimo. Wanasema huenda sikuleta. Kahawa niliibeba mwenyewe, nikasimama pale mizani ikisoma."

Nikaandika mkwaju, amri ya kutafuta, na jina lake, nikagonga Enter. Mashine ikajibu kwamba halipo. Nikatafuta kwa namba ya uanachama. Halipo. Nikainua macho, nikaona kwenye baraza wengine wamekaa wakisubiri, kila mmoja na mfuko wake wa nailoni. Walikuwa wote wa namba zinazofuatana, na hapo moyo ukaniambia kabla sijahesabu. Walikosekana 36.

Kanda ya akiba ilikuwa ya juma lililotangulia, na majina mengi ya sehemu ile ya orodha yalikuwa yameingizwa baada yake. Fundi aliyetoka Mwanza alinisikiliza mpaka mwisho, akanieleza bila kunikaripia. Vi ile ilikumbuka tendo moja tu la mwisho. Kwa kuwa baada ya kufuta mistari nilifuta koma, u ingenirudishia koma. Lakini mafungu ya mistari yaliyofutwa huwekwa kwenye akiba tisa zenye namba. Ningebonyeza alama ya kunukuu, kisha 1, kisha p, mistari yote 40 ingerudi. Sharti ni usiwe umetoka. Nilikuwa nimetoka.

Majina tuliyaandika upya kutoka kwenye leja na stakabadhi kwa usiku mbili, mimi na karani wa ghala, yeye akisoma na mimi nikichapa. Siku ya tatu mzee alirudi, na kabla ya kwenda dirishani akataka aoneshwe. Nikalifungua faili, nikafika kwenye mstari wake. Majina 23 ya kijani kwenye kioo cheusi, yote yanafanana, na sikuwa na njia ya kuliwasha lake. Niliweka kidole kwenye kioo, nikakipitisha chini ya jina kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, kisha chini ya kilo zake. Alifuata kidole kwa midomo. "Ndilo hilo," akasema. Akachukua stakabadhi zake akaenda zake.

Mwaka 2002 nilikuwa Dar es Salaam, kwenye ofisi yenye kompyuta za Linux, na badala ya vi ya zamani kulikuwa na Vim. Nilipoifungua mara ya kwanza bila kutaja faili, katikati ya kioo yalijitokeza maneno machache: jina la programu, jina la mtunzi wake Bram Moolenaar, na sentensi ya kuomba msaada kwa watoto maskini wa Uganda. Nilidhani nimeona vibaya. Nikafuata maelekezo, ukurasa wa msaada ukafunguka, nikausoma hadi mwisho nikiwa nimesahau kazi niliyotumwa.

Moolenaar alikuwa Mholanzi. Vim aliitoa hadharani mara ya kwanza mwaka 1991 kwa kompyuta za Amiga. Mwaka 1994 alikwenda Kibaale (si wilaya ya Kibaale ya magharibi, ni mji mdogo wa kusini mwa Uganda, jirani na mpaka wetu) akajitolea mwaka mzima kwenye kituo cha watoto, akishughulikia maji na usafi wa mazingira. Wengi wa watoto wale walikuwa wamefiwa na wazazi kwa UKIMWI. Aliporudi kwao alianzisha mfuko wa kukisaidia kituo, na kwa anayetumia Vim hakudai malipo. Aliomba tu kwamba mwenye uwezo awakumbuke wale watoto. Sentensi ile aliiacha kwenye uso wa programu, na aliyeifungua bila faili, popote duniani, aliweza kuikuta. Alifariki Agosti 2023, sentensi bado ipo.

Mimi ni wa Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kuthibitishwa Tanzania walikuwa wa mkoa wetu, mwaka 1983. Nimekulia kwenye migomba iliyoachwa bila wa kuipalilia, na mlezi wangu alikuwa bibi. Kibaale haiko mbali na kwetu. Kwa hiyo programu hii sikuipokea kama chombo kilichotoka mbali. Ilikuja ikiwa imepita nyumbani.

Kisha nikagundua v.

Nilikuwa najaribu vitufe usiku mmoja, nikabonyeza v kisha nikasogeza kishale, na herufi zikawaka. Niliondoa mikono kwenye kibodi. Miaka minne nilikuwa nafuta kwa hofu, nikihesabu mistari kwa ncha ya kalamu kabla ya kila dd, na hapa mbele yangu mwanga wa F12 ulikuwa umerudi ndani ya mashine ileile ya amri za herufi. v ndogo huwasha herufi kwa herufi. V kubwa huwasha mistari mizima. Ctrl-V huwasha safu wima, mstatili katikati ya maandishi, kitu ambacho kwenye orodha za ushirika kingeniokolea siku nzima: kuichukua safu ya kilo peke yake bila kugusa majina.

Wakati huu nilitaka kujua kwa nini vi ya zamani haikunionesha. Bill Joy aliiandika mwaka 1976 pale Berkeley, California. Akiwa nyumbani alifanya kazi kupitia modemu ya baudi 300, ambayo hupitisha herufi 30 hivi kwa sekunde. Kioo cha herufi 80 kwa mistari 24 ni herufi 1,920. Kukichora upya kulihitaji zaidi ya dakika moja. Katika hali hiyo kila kinachooneshwa kina gharama, na mtu mwenye akili atataka kusema amri kwa herufi chache aiachie mashine itende kimya. Nilipofanya hesabu hiyo kinyongo changu na vi kiliisha. Ilizaliwa kwenye uhaba, ikajifunza kubana matumizi. Ila ofisini kwetu mwaka 1998 waya ulikuwa mfupi na uhaba ule haukuwepo; tulirithi ukimya bila sababu yake.

Nimeifikiria tofauti hii pia kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ninayofanyia kazi. Katika vi unasema: futa maneno matatu. Kitenzi kwanza, na mtendwa unafuata ukiwa bado hujaonekana. Katika Vim, ukianza na v, unasema: maneno haya matatu, yafute. Kwanza yanawekwa mezani, yanaonekana, ndipo tendo linakuja, na ndani ya tendo lenyewe ile ya- inayaelekezea tena kidole. Bibi yangu aliongea hivyo. "Mkungu huu, upeleke kwa jirani." Hukuweza kukosea mkungu, kwa sababu ulikuwa umekwisha oneshwa kabla hujaambiwa ufanye nini.

Na mwanga unasema kweli kuhusu mipaka. Wengi wanaohama kutoka kwenye amri za d hujaribu v3w kwa maneno matatu, na wanaona kwamba herufi ya kwanza ya neno la nne imewaka nayo. Bila mwanga wangeikata. Wakitumia e badala ya w, mwanga unakoma sawasawa kwenye mwisho wa neno la tatu. Kuna kitufe kingine ninachokithamini kuliko vyote, o, ambacho kikibonyezwa wakati maandishi yamewaka hukuhamisha hadi ncha ya pili ya uteuzi. Macho yetu hukaa pale kishale kilipo, yaani mwishoni, na makosa mengi nimeyakuta mwanzoni: nusu ya neno iliyosahaulika, mstari mmoja uliobaki juu. Nabonyeza o, natazama mwanzo. Nabonyeza o, narudi. Nikiona si chenyewe, Esc, na hakuna kilichoguswa.

Nilifanya kazi na kaka mmoja aliyetumia Emacs, aliyeniambia kwamba huko miaka mingi alama ya mwanzo wa uteuzi haikuonekana kabisa. Unabonyeza Ctrl na nafasi, unasogea, na eneo lililo kati unalibeba kichwani. Ni toleo la 23, mwaka 2009, lililoanza kuliwasha bila kuombwa. Yeye alikuwa amezoea kubonyeza C-x C-x akiruka kati ya ncha mbili ili azithibitishe. Nilimheshimu kwa hilo. Alikuwa amejitengenezea usomaji wake kwa sauti.

Sasa nahariri miswada ya Kiswahili, na hapo ndipo nilipokutana na jambo lililonikalia muda mrefu kuliko mengine yote. Vim ina njia ya kuteua kitu kwa jina lake: viw huwasha neno ulilosimama juu yake, vip aya, vi na mabano huwasha kilicho ndani ya mabano. Ukiweka a badala ya i, unachukua na ganda lake. Siku moja nilisimama juu ya neno ng'ombe nikabonyeza viw. Zikawaka herufi nne: ombe. Nikasogea kushoto nikajaribu tena. Zikawaka mbili: ng.

Mashine haikuharibika. Kwa mipangilio inayokuja nayo, neno ni herufi, tarakimu na mstari wa chini, ritifaa haimo. Kwa macho yake ng'ombe ni vipande viwili vyenye kikwazo katikati, na hivyo hivyo ng'ambo, ng'oa, ng'ara, king'ora. Ikawa mbaya zaidi nilipotaka kuteua kilicho ndani ya alama za kunukuu moja moja. Katika maneno ng'ombe wa ng'ambo nilisimama juu ya wa, nikabonyeza vi na ritifaa, na Vim ikawasha kuanzia ritifaa ya kwanza hadi ya pili: ombe wa ng. Nilitazama kipande kile kilichowaka kwa muda. Hakuna Mswahili aliyewahi kukitamka. Na kama ningekuwa natumia d moja kwa moja, nisingekiona. Ningebaki tu na ng''ambo kwenye mswada, ningemlaumu mwandishi kwa uchapaji mbovu.

Dawa yake ni mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, set iskeyword+=' na kazi imekwisha. Tangu siku hiyo neno zima linawaka, kuanzia ng hadi e, na moyo wangu hutulia kila nikiliona. Mpaka wa neno ulikuwa umechorwa na watu ambao lugha yao haiandiki sauti yoyote kwa ritifaa. Hawakukusudia ubaya. Lakini mtu anayehariri Kiswahili kwa vitufe inampasa aifundishe mashine yake neno linaanzia wapi na linaishia wapi, na hatajua kwamba inakosea mpaka aone imewasha nini. Sentensi nazo zina la kwao: Vim ikikuta nukta ikifuatwa na nafasi inahesabu sentensi imekwisha, kwa hiyo vis juu ya Dkt. huishia kwenye cheo kabla ya jina la mtu. Hili sijalipatia dawa niipendayo, ninaongeza kwa mkono.

Mwaka jana tulipokea mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, binti mwepesi wa vidole kuliko mimi. Alikuwa amejifunza Vim kwa mashindano ya kubana vitufe, na alinitazama kwa siku mbili kabla ya kuuliza.

"Samahani mama," akasema, "mbona kila mara unaanza na v? Aya unaweza kuifuta kwa dap. Vitufe vitatu. Wewe unabonyeza vap, halafu d. Vinne."

Nikamwambia ni kweli, vinne. Alikuwa mbele ya mswada wa mwandishi anayeeleza kilimo cha migomba, kwenye aya ya mistari 11 ambayo tulikubaliana kwamba inarudia ya sura iliyopita. Nikamwomba aiwashe. Akabonyeza vap, ikawaka, akanigeukia akisubiri ruhusa. Nikamwambia abonyeze Esc kwanza, nikavuta kiti.

Nikamsimulia habari ya 40dd. Nikamsimulia kioo kilichojaa majina kabla na baada, koma, kanda ya juma lililopita, karani wa ghala akipekua leja kwa taa ya chemli umeme ulipokatika usiku wa pili. Nikamweleza zile stakabadhi tatu na jinsi zilivyonyooshwa kwa kiganja. Nilipofika kwenye kidole na kioo nilimwonesha kwa kidole, kwenye kioo chake, chini ya mstari wa kwanza wa aya ile.

Hakusema kitu. Alirudisha mikono kwenye kibodi, akabonyeza gv, ambayo huwasha tena kile ulichokiteua mara ya mwisho. Mistari 11 ikawaka. Akabonyeza o, kishale kikapanda hadi neno la kwanza, akasogeza kiti karibu akaanza kusoma, mwanzoni kwa midomo tu, kisha kwa sauti.